Historia ya Kenya Isihitaji Viza

Tarehe 3 Machi 1959, katika kambi ya kizuizini ya Hola karibu na Mto Tana, walinzi waliwashambulia kwa marungu wafungwa waliokataa kazi ya kulazimishwa. Watu 11 walikufa. Taarifa ya kwanza ya serikali ya kikoloni ilidai kwamba walikufa baada ya kunywa maji ya mkokoteni. Miongoni mwa waliopigwa alikuwamo Wambugu wa Nyingi, ambaye alizimia, akadhaniwa amekufa, akalazwa pamoja na maiti. Alikuwa hai. Mwaka 2009, nusu karne baadaye, alikuwa mmoja wa wazee 5 wa Kenya waliofungua kesi katika Mahakama Kuu ya London dhidi ya serikali ya Uingereza. Wenzake walikuwa Ndiku Mutua, Paulo Nzili, Jane Muthoni Mara na Susan Ngondi, aliyefariki kabla kesi haijaamuliwa.

Uhai wa kesi hiyo ulikuwa katika karatasi. Uingereza ilijitetea kwanza kwa kusema kwamba dhima ya yaliyotendeka kambini ilihamia kwa serikali ya Kenya siku ya uhuru. Hoja hiyo ilipokataliwa Julai 2011, ikaja nyingine: miaka imepita mingi mno, mashahidi wamekufa, haki haiwezi tena kutendeka. Tarehe 5 Oktoba 2012 Jaji Richard McCombe aliikataa hiyo nayo, na sababu yake inafaa kujulikana na kila mkutubi wa Kenya. Nyaraka zilizobaki, alisema, zilikuwa nyingi na za kina kiasi kwamba kesi ingeweza kusikilizwa kwa haki.

Sehemu kubwa ya nyaraka hizo haikuwahi kuonwa na Mkenya yeyote tangu 1963. Mwishoni mwa 2010 mwanahistoria David Anderson aliieleza mahakama kwamba kabla ya uhuru masanduku yapatayo 300 ya majalada yalisafirishwa kwa ndege kutoka Nairobi kwenda London. Wizara ya Mambo ya Nje ilitafuta, na mwanzoni mwa 2011 ikakiri kwamba majalada yapo. Yalikuwa Hanslope Park, kituo cha serikali chenye ulinzi mkali huko Buckinghamshire. Ya Kenya peke yake yalikuwa kama 1,500, na kando yake palikuwa na maelfu mengine, yakafika takriban 8,800 kutoka makoloni 37. Ndani yake mlikuwa na barua za maofisa waliojua vizuri yaliyokuwa yakitendeka kambini, na waliokuwa wakishauriana namna ya kuyafanya bila kelele.

Tarehe 6 Juni 2013 Waziri wa Mambo ya Nje wa Uingereza, William Hague, alisimama bungeni akaeleza masikitiko ya serikali yake na kutangaza malipo ya pauni milioni 19.9 kwa walalamishi 5,228. Wazee waliokuwa wakiitwa waongo kwa miaka mingi walithibitishwa na maandishi ya waliowatesa.

Majalada hayakupotea kwa bahati mbaya. Mei 1961 Iain Macleod, waziri wa makoloni, aliagiza kwamba serikali mpya za Kiafrika zisikabidhiwe karatasi yoyote inayoweza kuiaibisha serikali ya Malkia, polisi, wanajeshi au watumishi wake, wala kuwafichua watoa habari. Zoezi hilo, ambalo huko Uganda lilipewa jina la Operesheni Legacy, lilifanywa kwa ukamilifu wa kutisha. Jalada la siri lilipigwa muhuri maalumu, na wa kulishika alitakiwa awe raia wa Uingereza mwenye asili ya Ulaya. Karani Mwafrika, hata awe mwaminifu kiasi gani, hakuruhusiwa kujua kwamba jalada lipo. Likiondolewa, mahali pake paliwekwa jalada jingine la uongo ili pengo lisionekane. Majivu ya yaliyochomwa yalitakiwa kusagwa. Ambayo hayakuweza kuchomwa yafungwe ndani ya masanduku yenye uzito na kuzamishwa kwenye kina kirefu, mbali na pwani, mahali pasipo na mkondo wa maji. Kenya ilipouliza kuhusu majalada yake mwaka 1967, ilinyimwa.

Kuishia hapo na kumlaumu mkoloni ni rahisi, na lawama anastahili. Lakini Wakenya waliochukua madaraka nao hawakuifungulia historia hiyo mlango. Mau Mau, harakati ya kupinga ukoloni ambayo watu wake walijazwa katika kambi kama Hola, ilipigwa marufuku na wakoloni mwaka 1950, na marufuku hiyo ilibaki katika sheria za Kenya huru hadi serikali ya Mwai Kibaki ilipoiondoa mwaka 2003. Kwa miaka 40 ya uhuru, wapiganaji wa msituni hawakuweza hata kuandikisha chama chenye jina lao. Dedan Kimathi, kiongozi wao aliyenyongwa 1957, alipata sanamu jijini Nairobi mwaka 2007. Mtoto aliyeanza shule mwaka wa uhuru alikuwa tayari na umri wa kuwa babu.

Waliojaribu kuiandika historia hiyo walilipa. Maina wa Kinyatti, mwanahistoria aliyekuwa akifundisha Chuo cha Kenyatta, alitembea vijijini kukusanya nyimbo na kumbukumbu za Mau Mau, na mwaka 1980 akachapisha nyimbo hizo. Juni 1982 alikamatwa. Alishtakiwa kwa kupatikana na karatasi ya uchochezi, karatasi ambayo siku zote amesema alitiliwa na polisi, akafungwa miaka 6. Karatasi za utafiti wake zilichukuliwa. Kitabu chake cha maandishi ya Kimathi kilitoka London mwaka 1987, mhariri wake akiwa bado gerezani. Mtu anayetaka kujua kwa nini rafu za historia ya ukombozi katika maktaba nyingi za umma ni nyembamba asianzie kwenye bajeti. Aanzie hapo.

Hata riwaya haikusalimika. Mwaka 1986 Ngũgĩ wa Thiong'o alitoa *Matigari* kwa Kikuyu, hadithi ya mpiganaji anayetoka msituni baada ya uhuru akiuliza ukweli na haki vimekwenda wapi. Ngũgĩ alisimulia kwamba taarifa za ujasusi zilifika juu zikisema kuna mtu aitwaye Matigari anayezunguka Mkoa wa Kati akiuliza maswali hayo, na amri ikatoka akamatwe. Ilipobainika kwamba mtu huyo yumo kitabuni tu, Februari 1987 polisi walipita maduka ya vitabu na kukizoa kitabu chenyewe. Mwandishi alikuwa uhamishoni. Nchi iliyochukua kitabu dukani haikuwa na haja ya kutangaza marufuku katika maktaba. Kila msimamizi wa rafu alielewa.

Enzi hiyo ilipita, au ndivyo watu walivyotumaini. Baada ya machafuko ya uchaguzi wa 2007, yaliyoua watu zaidi ya 1,100, Bunge liliunda Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano. Tume hiyo ilikusanya taarifa za mashahidi zaidi ya 42,000. Watu walieleza habari za kambi za wakoloni, za mashamba yaliyochukuliwa, na za Wagalla huko Wajir, ambako Februari 1984 wanajeshi waliwakusanya wanaume wa Kisomali kwenye uwanja wa ndege. Kwa miaka mingi serikali ilishikilia kwamba waliokufa Wagalla ni 57, huku manusura wakisema ni mamia kwa mamia. Kwa mara ya kwanza mashahidi hao waliketi mbele ya chombo cha taifa lao na maneno yao yakaandikwa.

Ripoti ilikabidhiwa kwa Rais Uhuru Kenyatta tarehe 21 Mei 2013. Kabla haijafika mezani kwake, sura ya ardhi ilibadilishwa. Aya zilizogusa madai ya namna rais wa kwanza, baba yake, alivyopata ardhi, ikiwemo ya Pwani, ziliondolewa au kulainishwa. Makamishna 3 wa kigeni, Ronald Slye, Berhanu Dinka na Gertrude Chawatama, walikataa kutia saini sehemu hiyo. Walieleza kwamba mabadiliko yalifuata shinikizo kutoka Ikulu. Waliandika maoni yao ya kupinga, na maoni hayo nayo yakaachwa nje ya ripoti. Desemba mwaka huohuo Bunge lilibadilisha sheria ili utekelezaji wa ripoti upite mikononi mwake, na hadi leo mapendekezo mengi yamelala. Machi 2015 rais aliomba radhi kwa niaba ya dola na kutangaza mfuko wa shilingi bilioni 10 kwa waathiriwa. Radhi hiyo ilikuwa na uzito wake, lakini haikurudisha aya zilizokatwa.

Anayetaka kusoma sura hiyo kama ilivyoandikwa kwanza huenda kwenye tovuti ya Chuo Kikuu cha Seattle, anakofundisha Slye. Anayetaka majalada ya Hola huenda Kew, London, kwenye hifadhi ya taifa ya Uingereza, ambako yaliwekwa wazi kwa awamu kuanzia Aprili 2012. Mjukuu wa mfungwa wa Hola anahitaji viza ili ashike kwa mkono karatasi zilizoandikwa juu ya babu yake. Hilo ni jambo la aibu, na limezoeleka kiasi kwamba hakuna mgombea anayeulizwa juu yake.

Hapa ndipo maktaba za umma zinapoingia. Jijini Nairobi, jirani na Msikiti wa Jamia, lipo jengo la McMillan lenye simba wa mawe mlangoni. Lilifunguliwa mwaka 1931, na hadi mwishoni mwa miaka ya 1950 Mwafrika hakuruhusiwa kusoma humo. Leo mwanafunzi wa Eastleigh anaingia bila kuulizwa rangi yake. Huduma ya Kitaifa ya Maktaba, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1965, ina matawi hadi kaskazini, na tangu 1996 imepeleka vitabu kwa ngamia kwa wafugaji wa Garissa na Wajir. Mlango upo, na hata njia ya jangwani ipo. Kinachotakiwa ni uamuzi wa kuweka rafuni ripoti nzima ya Tume, ikiwa na sura ya ardhi katika hali zote mbili na maoni ya makamishna waliopinga, pamoja na nakala za majalada ya Kew yanayohusu Kenya. Ibara ya 35 ya Katiba inampa raia haki ya kupata taarifa zilizo mikononi mwa dola. Haki hiyo inakuwa na miguu pale tu kitabu kinapokuwapo mahali anapoweza kufika.

Wapo watakaosema kwamba kuyaweka mambo haya wazi ni kuchokonoa vidonda, hasa habari za ardhi, katika nchi iliyokwisha kuona majirani wakichomeana nyumba. Hofu hiyo ni ya kweli na haifai kudharauliwa. Lakini sera ya kufunika kombe mwanaharamu apite imejaribiwa tangu 1963, na machafuko yalitokea 1992, yakarudi 1997, yakalipuka 2007. Habari za nani alichukua shamba la nani hazikukoma kwa kukosa kitabu. Zinasimuliwa kila siku kwenye matatu na matangani, bila tarehe, bila ushahidi, na bila nafasi ya anayetajwa kujibu. Maandishi yanaweza kupingwa ukurasa kwa ukurasa. Familia inayoona imesingiziwa ina njia ya kuleta hati zake na kuandika kitabu chake, nacho kikakaa rafu moja na kile kingine.

Hoja ya pili ni kwamba kila kitu kipo mtandaoni, basi maktaba za nini? Kilicho kwenye mtandao wa wengine kiko chini ya hiari ya wengine. Aprili 2025 maktaba ya Chuo cha Jeshi la Wanamaji la Marekani iliondoa rafuni vitabu 381 kufuatia agizo la wakubwa wa kisiasa, kikiwemo kitabu cha maisha ya Maya Angelou. Vingi vilirudishwa mwezi uliofuata baada ya kelele, lakini vilikuwa vimeondoka. Haifai kumbukumbu ya Wagalla itegemee mwelekeo wa siasa za nchi nyingine, hata kama chuo kinachoihifadhi leo kinafanya hivyo kwa nia njema.

Gharama si kisingizio. Ripoti ya Tume ni juzuu chache tu, na Mpigachapa wa Serikali huchapisha vitu vingi zaidi ya hivyo kila mwaka. Majalada ya Kew hayahitaji kuhamishwa, yapigwe picha tu, na Uingereza, iliyoyaficha kwa nusu karne, inapaswa kulipia kazi hiyo. Wizara inayosimamia maktaba na Makavazi ya Kitaifa inaweza kupeleka ombi hilo London mwaka huu, nalo Bunge linaweza kuagiza kwamba kila kaunti kati ya 47 ipate nakala zake, kuanzia Tana River na Wajir. Baadhi ya walalamishi wale 5,228 bado wako hai, na macho yao hayazidi kupata nguvu. Nakala za kwanza zichapwe kwa herufi kubwa.