Hasira ya Daudi na Machozi ya Tamari



Wapendwa wanaparokia, mzazi mmoja alinijia ofisini akiomba nimwonye binti yake, mwanafunzi wa sekondari, "aliyeanza uhuni". Alipomaliza kueleza, nikatambua kwamba binti huyo alikuwa amepigwa makofi na mvulana wa shuleni kwake, mbele ya wenzake, kwa kosa la kukataa simu yake ipekuliwe. Alipofika nyumbani na uso uliovimba, baba akauliza swali moja tu: "Huyo mvulana ni nani kwako?" Kisha akashika fimbo. Siku moja, vipigo viwili. Na mvulana hakuulizwa neno na mtu yeyote.

Nasema wazi: mzazi yule alikosea, na wengi wetu tungekosea kama yeye.

Someni sura ya 13 ya Kitabu cha Pili cha Samweli. Amnoni anajifanya mgonjwa ili ampate Tamari, dada yake kwa baba. Anamnajisi, kisha anamchukia na kumfukuza. Absalomu anamtaka dada yake anyamaze. Mfalme Daudi anapata habari, anakasirika sana, na hamfanyi Amnoni lolote. Miaka miwili baadaye Absalomu anaagiza Amnoni auawe. Daudi hakukosa hasira. Alikosa kutenda haki. Ndugu zangu, hasira ya baba si ulinzi, na ukimya wa nyumba si amani. Mficha maradhi, kifo humuumbua.

Wapo wanaowaambia vijana kwamba wivu ni dalili ya mapenzi, na kwamba anayekupiga anakujali. Huo ni uongo. Mtume Paulo, anapoeleza sifa za upendo kwa Wakorintho, anaukataa wivu waziwazi. Kijana anayedai neno la siri la simu ya mwenzake, anayemchagulia marafiki, anayetishia kusambaza picha zake, huyo hapendi, anatawala. Naye Papa Fransisko, katika Wosia wa Kitume Amoris Laetitia wa mwaka 2016, alifundisha kwamba kuwatendea wanawake ukatili si ishara ya nguvu za kiume, bali ni woga.

Je, uongo huo vijana wameupata wapi? Tusikimbilie kulaumu sinema na mitandao. Mvulana anayemwona baba akimpiga mama, na Jumapili akimwona baba yuleyule akipokea Komunyo bila kutubu, amekwisha kupata katekesi yake. Msichana anayemsikia shangazi akisema "vumilia, ndivyo wanaume walivyo" naye amekwisha kupata yake.

Najua nitaulizwa: "Padre, je, unaruhusu wanafunzi wawe na wapenzi?" La, hasha. Mafundisho ya Kanisa juu ya usafi wa moyo hayajabadilika, nami sitaacha kuyahubiri. Lakini Msamaria mwema hakumwuliza majeruhi alikuwa akitafuta nini peke yake katika njia ya Yeriko. Alimfunga majeraha kwanza. Mazungumzo juu ya urafiki huo yana siku yake. Siku ya jeraha ni siku ya jeraha. Mtoto anayejua kwamba akisema atapigwa, hatasema tena, na anayemtesa analijua hilo vizuri kuliko sisi.

Wala tusidhani ni jambo la wachache. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2009 hapa Tanzania ulionyesha kwamba karibu wasichana 3 kati ya 10 wenye umri wa miaka 13 hadi 24 walitendewa ukatili wa kingono kabla ya kutimiza miaka 18. Kwa wavulana, ni 1 kati ya 7. Wana wetu nao huumizwa, na aibu huwafunga midomo.

Basi familia ifanye nini? Kwanza, msikilize mtoto mpaka amalize, kisha mwambie kwamba kosa la kupigwa si lake. Pili, nenda shuleni mwenyewe, uonane na mkuu wa shule na mwalimu mlezi, udai kujua mtoto atalindwaje kesho asubuhi. Tatu, ikiwa amebakwa, asioge wala nguo zake zisifuliwe. Afikishwe hospitali mapema, kwa maana dawa za kuzuia maambukizi ya VVU zinapaswa kuanzwa ndani ya saa 72. Polisi kuna Dawati la Jinsia na Watoto, na simu namba 116 hupokea taarifa za watoto bila malipo. Nne, kataeni kabisa "kuyamaliza kifamilia". Jinai haifutwi kwa mbuzi wala kwa bahasha.

Nanyi wazazi wa mvulana aliyepiga, msimfiche. Kumficha si kumpenda. Mpelekeni akiri kosa, apokee adhabu ya haki, ajifunze upya. Samaki mkunje angali mbichi.

Nawaomba viongozi wa jumuiya ndogondogo, WAWATA na walezi wa TYCS mlizungumze jambo hili juma hili bila kutaja majina ya watu. Na jioni ya leo, kila mzazi amwambie mwanawe neno hili: "Ukiumizwa, njoo kwangu kwanza; sitakupiga."

Bwana awabariki.

Wenu katika Kristo,
Paroko