Gia zikigoma, usikimbilie kushusha injini

Najua wengi mlitegemea niandike kuhusu ratiba ya testi, ila hiyo mtaikuta ubaoni. Leo nina neno na mafundi wetu wa pikipiki, na zaidi na sisi wateja wao.

Kuna jamaa hapa hosteli ana Honda CG125 ya zamani, karithi kwa baba yake mdogo. Ilikaa stoo miaka, likizo iliyopita ikafumuliwa na kusukwa upya: pistoni, ringi, pleti za klachi, waya, rangi, kila kitu. Imetoka inang'aa kama ya harusi. Shida ni gia. Akisimama kipilefti cha Impala nyutro haipatikani. Akiingiza namba moja inagonga "kra!", na hata akiwa ameshika klachi chombo kinataka kuondoka chenyewe. Halafu namba mbili inaruka. Fundi aliisikiliza dakika moja tu, akasema gia boksi imekufa, injini ishuke. Bei aliyotaja inakula karibu nusu ya boom.

Mimi nakataa. Pikipiki iliyotoka kusukwa, kosa lianze kutafutwa kwenye vitu vilivyoguswa, tena uanzie nje kwenda ndani. Na hapa kuna magonjwa mawili, fundi kayafunga fungu moja.

Tuanze na nyutro. Zima injini, isukume chombo mbele na nyuma kidogo huku unapanga gia. Nyutro ikaingia bila ubishi. Washa injini, ikagoma tena. Sasa jiulize, gia boksi si ile ile? Kilichobadilika ni kwamba injini inazunguka na klachi haiachii vizuri, inaburuza. Basi mgonjwa wa kwanza ni klachi.

Klachi inaangaliwa kuanzia mkononi. Ncha ya mkono wa klachi inatakiwa kucheza bure kama milimita 10 hadi 20 kabla waya haujaanza kuvuta. Wa jamaa ulikuwa unacheza karibu sentimita nne! Maana yake unashika klachi yote lakini kule chini pleti zimeachana nusu. Tukafuata waya mpaka chini ya tangi, tukakuta umekunjwa na kubanwa kwenye shingo ya usukani. Aliyerudisha tangi baada ya rangi hakuangalia. Waya ukapitishwa njia yake, nati ikarekebishwa, basi. Dakika ishirini, na kumi kati ya hizo tulikuwa tunatafuta spana namba kumi.

Ingekataa, bado kuna vya kuangalia kabla ya kushusha kitu. Kwenye CG oili ni moja, kama lita moja hivi, inayolainisha injini, gia na klachi kwa pamoja. Oili nyingine za magari zina dawa ya kupunguza msuguano, na klachi inayoogelea humo inaanza kuteleza: injini inapiga kelele, mwendo hauongezeki. Tafuta chupa iliyoandikwa JASO MA, hiyo ndiyo ya klachi za namna hii. Halafu fungua kava la kulia, injini ikiwa palepale kwenye fremu. Angalia kikombe cha klachi. Pleti za zamani huwa zinakichimba vidonda, na ukiweka pleti mpya kwenye kikombe chenye vidonda zinanasa, haziachani. Watu wananunua pleti mpya na kusahau kikombe, kila siku. Nyuma ya klachi humohumo kuna springi ya kurudisha pedeli ya gia na kile kidole kinachoshikilia gia isihame. Navyo vinafikika bila kushusha injini.

Haya, namba mbili. Hapa nampa fundi haki yake. Kwanza tuliangalia pedeli, kwa sababu meno yake yakilika au ikifungwa juu sana mguu haumalizi safari na gia inaingia nusu. Pedeli nzima. Gia moja tu inaruka, zingine zimetulia, na inaruka ukiongeza mafuta. Hiyo mara nyingi ni meno ya pembeni ya gia yameliwa yakawa mviringo, au uma wa gia umepinda. Kwa hiyo injini inashuka na kupasuliwa katikati, hakuna njia ya mkato. Na asiendelee kuipanda hivyo akisema ataizoea. Unashuka mlima umempakia mtu, namba mbili ikaruka, injini haikushikilii tena. Umebaki na breki, na CG za zamani hata mbele ni dramu.

Wenye bodaboda za Kichina msicheke, haya yanawahusu. CG ilitoka mwaka 1976, Honda wakiitengeneza kwa ajili ya nchi kama zetu, ambako chombo kinabebeshwa mizigo na oili inasahaulika. Wachina wakainakili ile injini, na nyingi mnazopanda ni ndugu zake.

Sasa kwa nini fundi anakimbilia kushusha? Sio wizi kila mara. Sisi ndio tumewafundisha. Fundi akikaza waya dakika kumi na chombo kikapona, tunamwambia "si umegusa tu", tunampa buku. Akimwaga injini chini, mikono myeusi mpaka kwenye viwiko, tunalipa laki bila kuuliza. Angekuwa daktari tungemlipa kwa kugundua ugonjwa. Jamaa nilimshauri amlipe fundi pesa ya maana kwa ile nyutro, ingawa waya tumeurekebisha wenyewe mbele yake, halafu wakubaliane namba mbili peke yake, na gia iliyoliwa arudishiwe mkononi aione. Fundi kakubali, tena bei imeshuka sana.

Kilichobaki ni spea. Za kopi zipo mjini, ila tunataka kupima idadi ya meno na upana kabla ya kununua. Mwenye CG iliyokufa nyumbani kwao, Tengeru, Usa, popote, na gia namba mbili bado ina pembe zake, anistue. Tunakuja na spana zetu.