Vyuo vikuu: faili ya mwanafunzi ikikaa mahali pamoja tu, nani atalipa ikipotea?

Kila mwaka wa masomo unapoanza, wanafunzi waliokimbia vita wanajipanga kwenye sekretariati za vyuo vya miji walikofikia. Swali la kwanza wanaloulizwa ni lilelile: pointi za miaka iliyopita ziko wapi? Jibu ndilo linaamua kama mwanafunzi atapanda mwaka ao atarudilia.

Mfumo wa LMD umefanya swali hili kuwa zito zaidi. Lisansi inahitaji kredi 180, ni kusema 60 kwa kila mwaka, na mwanafunzi anaweza kuhama na kredi zake mpaka chuo kingine. Lakini kredi hazihami bila karatasi ya kuzithibitisha. Karatasi ikikosekana, na chuo cha kwanza nacho kikisema hakioni tena faili, minervali iliyolipwa na mzazi inakuwa feza iliyotupwa.

Shida mara nyingi inaanzia ndani ya ofisi. Pointi ziko katika kompyuta moja, na kopi yake iko kwenye diski iliyofungwa ndani ya kabati ya ofisi ileile. Chuo kinaamini kina kopi mbili, kumbe kina moja tu. Mwizi akivunja mlango, ao moto ukiwaka, vyote vinaenda pamoja.

Watu wa mashariki hawahitaji kuelezwa sana hatari hiyo. Tarehe 17 Januari 2002, lava ya Nyiragongo ilipita katikati ya mji wa Goma. Tarehe 22 Mei 2021 volkano ililipuka tena, na siku chache baadaye wakaaji wa sehemu kubwa ya mji wakaambiwa wahame. Mwishoni mwa Januari 2025, wakati wa mapigano ya Goma, umeme na maji vilikatika. Mwezi uliofuata, huko Bukavu, wanyang'anyi walipora depo na maduka. Kila mara watu waliondoka na kile mkono uliweza kubeba.

Wanaofanya kazi ya kompyuta wana kanuni rahisi: kopi tatu, kwenye vyombo vya aina mbili, na moja ikae mbali. Kwa chuo cha Bukavu, “mbali” haiwezi kuwa jengo la pili katika uwanja uleule. Inafaa iwe mji mwingine, ao kwenye intaneti. Hata hivyo kuweka kopi hakutoshi: lazima mtu aifungue mara kwa mara aone kama inasomeka. Na watu zaidi ya mmoja wajue neno la siri, juu mwenye kulijua peke yake naye anaweza kukimbia.

Upande wa wanafunzi, wengi wanaweka kazi ya mwisho wa masomo kwenye flashi moja. Flashi hiyo inazunguka katika sekretariati za pembeni ya barabara, pale watu wanapochapisha, na virusi vinatoka kompyuta moja kwenda nyingine. Kujitumia kazi kwa imeli kila wiki hakuli mega nyingi ikiwa ni maandishi tu. Gmail inatoa nafasi ya gigabaiti 15 bila kulipa. Karatasi ya pointi nayo inaweza kupigwa picha na kuwekwa humo. Lakini kuko mtego: ikiwa njia pekee ya kurudisha akaunti ni namba ya telefone, na sim kadi imepotea njiani, mlango umefungwa. Ni vizuri kuongeza imeli ya mzazi ao ya ndugu anayeaminika.

Picha inasaidia kuonyesha kwamba pointi zilikuwepo, lakini haichukui nafasi ya muhuri wa chuo. Kwa hiyo mzigo mkubwa unabaki kwa vyuo. Sheria ya mambo ya dijitali ya tarehe 13 Machi 2023 inataka anayeshika habari za watu azilinde. Orodha ya pointi inayotembea kwenye flashi ya msaidizi mmoja hailindwi.

Wazazi wanapokwenda kulipa minervali, wana haki ya kuuliza chuo mambo matatu: kopi ya pili iko mji gani, nani anaishika, na ilifunguliwa mara ya mwisho lini.