Rimoti Ina Majina Matatu, Maelezo Haina

Wapenzi wa lugha tumekuwa mahodari wa ubatizo. Chombo kipya kikiingia nchini, hatukawii kukaa barazani tukakigombea jina. Rimoti ni shahidi: huyu asema kitenzambali, yule kidhibiti-mbali, na wa tatu, aliye dukani Kariakoo au Luthuli Avenue, asema rimoti tu na anauza. Mabishano haya yametupoteza njia. Mtu aliyenunua rimoti moja ya kuongozea runinga, king'amuzi na redio ya sebuleni hakukwama kwenye jina. Amekwama kwenye kikaratasi kilichokunjwa-kunjwa ndani ya pakiti, chenye Kiingereza na Kichina, na safu za tarakimu nne nne mfano wa daftari la mpiga ramli.

Tazameni neno king'amuzi. Tanzania ilipoanza kuzima matangazo ya analojia tarehe 31 Desemba 2012, ikianzia Dar es Salaam, neno hilo lilienea majumbani pamoja na chombo chenyewe. Lilipokewa kwa kuwa limezaliwa na kitenzi kilicho hai, kung'amua. Tulishangilia, na tulistahili. Lakini nani kati yetu aliketi akaandika kwa Kiswahili safi jinsi ya kukioanisha king'amuzi hicho na rimoti mpya, ya kwanza ilipokanyagwa na mtoto?

Wafasiri wachache waliojaribu wametuletea "kuprogramu rimoti". Sina ugomvi na neno la mkopo. Nina ugomvi na uvivu. Kitenzi hicho kimoja kinafunika matendo matatu yasiyofanana. Kwanza, unaitajia rimoti namba ya chapa ya runinga yako, kama ilivyo kwenye orodha. Pili, usipoijua namba, unaitafutisha: unashika kitufe, nayo inapitia namba moja baada ya nyingine mpaka runinga izime. Tatu, unaifunza: unazielekezanisha rimoti mbili, kichwa kwa kichwa, ya zamani ikabonyezwa na mpya ikapokea mwanga usioonekana kwa macho. Rimoti nyingi hupepesa mwanga huo kwa kasi ya mara 38,000 hivi kwa sekunde, na ile mpya huurudia mpangilio wake kama mtoto wa chuoni anayekariri asichokifahamu. Kutajia, kutafutisha, kufunza. Minyambuliko hii tumeirithi bure, nasi tunaiacha ioze.

Anayetofautisha vitenzi hivi ndiye atakayechagua vizuri dukani. Orodha za namba hutungwa ng'ambo. Chapa kubwa za runinga hazikosi, ving'amuzi vyetu aghalabu havimo. Kwa hiyo mwenye king'amuzi asiulize bei kabla hajauliza: je, hii inafunzika? Isiyofunzika haitamfaa, hata ikijisifu kwamba ni ya runinga zote. (Na tafadhali tusiiite "rimoti ya jumla". Dukani jumla ni bei ya dazeni.) Aulize pia kama rimoti yake ya zamani ilitumia mwanga au Bluetooth, maana ile ya Bluetooth haifunzi kwa mwanga kitu isichokitoa. Aielekeze kwenye kamera ya simu na kubonyeza. Kamera nyingi, hasa ile ya mbele, zitaonyesha kinuru cheupe au cha zambarau. Kisipoonekana, aanze kushuku betri.

Najua jibu litakalokuja: mshairi na vikaratasi vya vyombo wapi na wapi? Mwana Kupona alimtungia binti yake utenzi wa kumuusia namna ya kuishi nyumbani na mumewe, na hakuna aliyemwambia kwamba mambo ya nyumbani ni madogo kwa mizani. Sisi warithi wake tunaimba sifa za Kiswahili kila tarehe 7 Julai, kisha bibi anamlipa fundi kwa kazi ya kubonyeza vitufe viwili, kwa sababu hakuna aliyemwandikia sentensi mbili. Hiyo ni aibu yetu kabla haijawa ya kiwanda. Kiwanda hakijui Kiswahili. Sisi tunakijua na tumenyamaza.

Wala kazi yenyewe si ngumu. Tendo la kutafutisha linaenea katika mishororo miwili ya mizani nane kwa nane:

Bonyeza ushike hapo, kidole usilegeze,
Runinga izimikapo, achia, usipuuze.

Atakayeona vina vyangu ni vyepesi na alete vizito, mradi runinga izime. Mabaraza ya Kiswahili nayo, yanayotoa orodha za istilahi, yadai kwamba kila pakiti inayouzwa hapa iwe na maelezo ya Kiswahili yaliyopitiwa na mtu anayejua kunyambua kitenzi. Mshororo wa tatu uwe wa betri, kwani baadhi ya rimoti za bei nafuu husahau zilichofunzwa betri zikitolewa.