Dawa ya Nano Iko, Nani Analipia Chupa 12?

Wasee, ukitaja nano watu wanafikiria roboti ndogo zikiogelea kwa damu. Zii. Hii ninayoongelea ni kiputo cha mafuta, chembamba kuliko unywele mara elfu hivi, na ndani kuna dawa ya kitambo inaitwa amfoterisini B.

Dawa yenyewe huua kuvu inayoshambulia ubongo wa watu ambao Ukimwi umewamaliza kinga. Noma ni kwamba ikiingia mwilini hivyo tu, inaumiza figo vibaya. Ikifungwa kwa kiputo, figo zinaumia kidogo, so daktari anapiga dozi moja kubwa badala ya dripu ya wiki nzima. Na usidhani ilijaribiwa huko Ulaya. Ni Uganda hapa jirani, Malawi, Botswana, Zimbabwe na Afrika Kusini, wagonjwa zaidi ya 800. Mwaka wa 2022 WHO ikasema hii ndiyo itangulie.

Sasa hapa ndio mimi hukasirika. 2018 kampuni ya Gilead ilitangaza bei ya nchi maskini: dola 16.25 kwa chupa. Inakaa poa, sindio? Mgonjwa wa kilo 60 anahitaji chupa 12. Dola 195, na bado hujanunua vidonge vya wiki mbili.

Kwa hivyo msinishow ati tungoje wanasayansi. Wao walimaliza. Wagonjwa wa Afrika walijitolea kujaribiwa. Aliyebaki ni mwenye kusaini malipo. Bajeti ya kaunti yako ikitoka, itafute hiyo dawa. Ukiipata, nitagi.