Kaza Nyuzi Kwanza

Mwezi huu nasema na ninyi mnaoishi mbalimbali kwa sababu ya kazi. Nina marafiki zangu, mke ni mwalimu Kilosa mjini, mume yuko kwenye hoteli ya watalii Mikumi. Wilaya moja, lakini wanaonana wikiendi tu. Na kila Jumamosi, saa ya kwanza ni ugomvi! Mke kashaanza kusema bora waachane.

Mimi nikawatajia zeze la Wagogo, lile la upinde ambalo marehemu Hukwe Zawose (alifariki 2003) alilifikisha hadi Ulaya. Gitaa lina vyuma shingoni vya kuonyesha mahali pa kubonyeza. Zeze hili, kama fidla ya taarabu, halina; sikio ndilo linaloamua. Tena nyuzi hulegea zenyewe, kwa hiyo hata fundi huzikaza kabla ya kupiga. Hasemi zeze limekufa.

Nyuzi mbili zikikaribia kulingana, sauti huyumba; kadiri zinavyosogeleana, kuyumba hupungua, mpaka kunaisha. Basi jamani, Jumamosi chai kwanza, simu pembeni, msikilizane. Madai ya wiki nzima yasubiri.