Pipa, Kidole na Mtambo: Mpika Pombe Wetu Ahitaji Zana Gani?

Katika nchi za Ulaya, Marekani na Australia wapo watu wengi wanaopika bia majumbani mwao kwa kujifurahisha. Nchini Uingereza sharti la kuwa na leseni kwa kazi hiyo lilifutwa mwaka 1963; nchini Marekani sheria iliyowaondolea wapikaji hao kodi ilitiwa sahihi na Rais Jimmy Carter mwezi Oktoba 1978. Kwa miaka mingi zana zao zilikuwa za kuunga-unga: sufuria kubwa la jikoni, ndoo ya plastiki, na lile sanduku la kubebea vinywaji baridi ambalo, kwa kuwa kuta zake huzuia joto lisipite, hufaa vilevile kutunza kimea kilicholowekwa katika maji ya moto. Siku hizi wengi wao wanaviacha vitu hivyo na kununua mtambo mmoja unaofanya kazi zote. Ni silinda ya chuma kisichoshika kutu, yenye koili ya umeme chini, kikapu cha matundu ndani, pampu ya kuzungusha maji kando, na thamostati inayoshika joto mahali linapotakiwa.

Sina ugomvi na mtambo huo. Umebuniwa kwa akili, na umebuniwa kwa ajili ya shayiri. Kimea cha shayiri kina vimeng'enya viwili vikubwa vinavyokata wanga kuwa sukari. Kimoja hufanya kazi vizuri baina ya nyuzi 60 na 65 za Selsiasi, na kingine karibu na nyuzi 70. Joto likizidi sana hapo vyote huharibika na havirudi tena. Bahati ya wapika shayiri ni kwamba wanga wa nafaka hiyo nao huvimba na kulainika katika joto lilo hilo. Basi mpikaji huweka thamostati kwenye nyuzi 66, akasubiri kwa muda wa saa moja, na kazi imekwisha. Makapi ya shayiri hujipanga chini ya kikapu na kuwa chujio la bure.

Wapo miongoni mwetu wanaoona kwamba dawa ya vilabu vyetu vya pombe za kienyeji ni hiyo hiyo: mapipa yatupwe, mitambo iletwe. Wanaosema hivyo wana nia njema, kwani hali ya vyombo katika sehemu nyingi haipendezi. Lakini maoni yangu ni kwamba wamelitazama pipa wasiitazame nafaka iliyomo.

Wanga wa mtama haulainiki mpaka joto lifike kati ya nyuzi 68 na 78 hivi. Hapo ndipo penye fumbo. Joto linalofungua wanga wa mtama linaua sehemu kubwa ya vimeng'enya vya kimea chake, ambacho tangu awali kina kiasi kidogo cha kile kimeng'enya cha kwanza tulichokitaja. Ukiweka kimea cha mtama katika mtambo wa shayiri kwa nyuzi 66, wanga mwingi utabaki kama ulivyoingia. Tena punje ya mtama ikipurwa haina makapi ya kufanya chujio. Uji huziba matundu ya kikapu, pampu hukwama, na ule uliogusa koili huungua.

Bibi zetu walilitatua fumbo hilo kabla ya kuwapo kipimajoto. Hupika kwanza uji wa unga hata utokote, ndipo wanga wote ufunguke. Kisha huuacha upoe, na baada ya hapo tu hutia kimea. Uji uliokuwa mzito huwa mwepesi mbele ya macho, nao huanza kuwa mtamu. Ndivyo inavyotengenezwa togwa, ambayo hata mtoto hunywa, na ndivyo zinavyoanza pombe nyingi za nafaka. Wachaga nao, katika mbege, hupika ndizi mbali na uji wa kimea cha ulezi mbali, kisha wakavichanganya. Hatua hizo mbili zilizotengwa ndizo sayansi yenyewe. Mtambo wa hatua moja ukizifuta, utakuwa umerudi nyuma hata kama unang'aa.

Nguvu nazo tuzitazame. Kuchemsha lita 25 za maji kutoka nyuzi 20 hadi 100 kwahitaji kilojuli 8,400, na koili ya kilowati 2 itachukua dakika 70. Hilo lavumilika. Pipa la lita 200 kwa koili hiyo hiyo litachukua zaidi ya saa tisa, bila kuhesabu joto linalopotea hewani. Mama anayeuza pombe ili alipe ada ya shule hapiki lita 25.

Je, basi tuliache pipa kama lilivyo? Hasha. Pipa ndilo ninaloliogopa kuliko yote. Tukumbuke kwamba pipa nalo liliingia kama maendeleo. Lilichukua mahali pa chungu cha udongo, kwa kuwa ni kubwa na halivunjiki. Katika nchi za kusini mwa Afrika, daktari aitwaye Strachan aliandika mwaka 1929 juu ya watu ambao maini yao yalikuwa yamejaa chuma kupita kiasi. Uchunguzi wa miaka iliyofuata ulionyesha kwamba sehemu kubwa ya chuma hicho ilitoka katika pombe iliyotengenezewa vyombo vya chuma. Pombe zetu za nafaka ni chachu. Asidi yake huyeyusha chuma cha pipa kidogo kidogo, hata kila lita ikawa na makumi ya miligramu. Baadaye wataalamu walihisi kwamba kurithi nako kuna sehemu yake, kwani si kila mnywaji aliugua, lakini chanzo cha chuma chenyewe hakina shaka. Bati lililopakwa zinki si afadhali: asidi ile ile huyeyusha zinki, na mnywaji hutapika. Sisemi habari ya mapipa yaliyokuja na dawa za viwandani, ambayo hayafai hata kwa maji ya kufulia.

Kwa hiyo, fedha kidogo zikipatikana, zitumike kwa mpango. Cha kwanza ninachopendekeza ni kipimajoto. Kidole cha mpikaji mzoefu ni chombo cha ajabu, lakini hakiwezi kupambanua nyuzi 55 na 65, kwa sababu ngozi huanza kuuma kabla ya zote mbili. Anayetegemea kidole huusubiri uji upoe mno. Kimea hufanya kazi polepole, na vijidudu vya kuchachusha hupata nafasi mapema. Kinachofuata ni chombo cha kuchachushia, maana humo ndimo asidi hukaa na chuma kwa siku nyingi. Plastiki iliyotengenezwa kwa ajili ya chakula, isiyowahi kubeba kitu kingine, yatosha. Kupikia ndani ya chuma kwa saa chache, kabla uji haujachachuka, hatari yake ni ndogo zaidi. Meko ya kupunguza kuni yangefuata hapo.

Hata hivyo, chombo hakiokoi nafaka mbovu. Huko Chitima, nchini Msumbiji, watu 75 walikufa mwezi Januari 2015 kwa pombe ya msibani, na uchunguzi ulionyesha sumu ya bakteria waliomea katika unga wa mahindi ulioharibiwa na mafuriko. Sumu hiyo haiondoki kwa kuchemshwa. Thamostati isingewafaa kitu.

Mtambo wa kwetu ukibuniwa siku moja, na sioni kwa nini mafundi wetu wasiubuni, uwe na vyumba viwili: kimoja cha kupikia uji chenye mkono wa kukorogea, kingine cha kutilia kimea, na chujio la kitambaa au la kukamua badala ya kikapu. Uwake kwa kuni au kwa umeme. Na mafundi hao waketi kwanza siku nzima karibu na mpikaji mwenyewe, kabla ya kushika penseli.

Walimu wanaweza kuanza jambo hili darasani bila tone la pombe. Pikeni uji mwepesi wa mtama, mgawe katika vikombe vitatu, kimoja kiwe na nyuzi 40, cha pili 60, cha tatu 90. Tieni katika kila kimoja kijiko cha unga wa kimea cha ulezi kilichokaushwa na kupukutwa vichipukizi, na kikombe cha nne kisitiwe kitu. Vitunzeni katika joto lake kwa nusu saa, kisha mdondoshee tone la iodini katika sampuli iliyopoa ya kila kikombe. Rangi ya buluu iliyokoza ikibaki, wanga ungalipo. Wanafunzi waandike, kabla ya kupima, ni kikombe gani wanachodhani kitakuwa chepesi kuliko vyote, na kwa nini.